Sanduku la Nje ya Lango

Muthara,
6 Novemba 2024

Mpendwa Muchangi, mtoto wa ndugu yangu,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako mvua imenyesha mpaka kuku wamegoma kutoka bandani. Sisi hatujambo. Mzee Naftaly goti linamsumbua akipanda kwenda kanisani lakini akishuka halimsumbui, kwa hivyo nimemwambia ni goti la kwenda tu. Ng'ombe amezaa dume. Masikio yangu yako vilevile. Juzi mtu alinipigia simu nikamwambia asante, asante, na mpaka leo sijui nilikubali nini. Ndiyo maana nakuandikia karatasi, na wewe utanijibu kwa karatasi. Sahal, yule dereva wa pikapu za miraa wa Maua, amekubali kunibebea barua. Anapita hapa kabla hakujapambazuka, na huko Embu husimama kutia mafuta karibu na duka lako.

Sasa neno lenyewe. Kanisa limeomba kila boma la kando ya barabara liwashe taa za Krismasi mwaka huu. Mzee amekubali bila kubishana, na wewe unamjua mzee, kwa hivyo bado najiuliza alikuwa mgonjwa siku hiyo. Wewe ndiye fundi wa taa hizo katika ukoo. Nataka nyota moja na nyuzi chache, zikae kwenye nguzo ya lango, upande wa nje. Nimesema upande wa nje, Muchangi, usije ukanichorea kitu cha ndani.

Nitakuambia sababu, maana wewe ni wa nyumbani. Ni mwanangu Bundi. Unajua yeye na baba yake hawajasemezana tangu Aprili, mzee alipong'oa miraa kwenye kile kipande cha shamba alichompa akapanda parachichi, na Bundi akamjibu vibaya mbele ya wazee wa kanisa. Mzee akasema Bundi asikanyage ndani ya lango lake mpaka aombe msamaha. Bundi akasema hana cha kuombea msamaha. Basi akaenda kuendesha pikapu ya miraa, na kila alfajiri anapita hapa mbio bila kugusa breki. Mimi sisikii gari, ila naona kikombe kikitetemeka mezani na najua ni wao. Nataka apite aone lango la kwao lina taa. Kama hatasimama, basi aone tu. Mimi ni mama yake na siwezi kukaa gizani nikimsubiri.

Jambo la mwisho. Lile sanduku la kuwekea vyombo vya stima, nifanyie kubwa. Lifungwe kwa vibanio vya kubonyeza, si kwa skrubu, kwa maana mzee amepoteza bisibisi. Na kifuniko kisiwe cha kuonyesha ndani.

Ni mimi shangazi yako,
Cicily

*

Embu,
15 Novemba 2024

Shangazi Cicily,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na mzee. Hapa tuko salama. Mke wangu Gladwell anasema pole kwa goti la mzee, na mtoto ameanza kutembea, kwa hivyo plagi zote nyumbani zimepandishwa juu ya kabati. Nyumba imekuwa ndogo siku hizi, lakini tunabanana. Kazi ni nyingi mno. Mwezi huu kila hoteli na kila kituo cha mafuta kinataka nyota, na wote wanaitaka jana.

Mzigo wako Sahal ameubeba. Nyota nimeisuka kwa waya mgumu, haitapinda kwa upepo. Ndani ya sanduku kuna transfoma, inayopunguza stima ya nyumba iwe ndogo ya kutosha taa, na kontrola, kile kidude cha kijani kinachofanya taa zibadilike. Hivyo viwili ndivyo moyo wa kazi yote, na adui yao ni maji. Kwa hivyo nimezungushia kifuniko mpira wa kuzibia, na nyaya zote zinaingilia chini, hakuna hata tundu moja juu. Fundi atakayefunga aache kila waya uning'inie kidogo chini ya sanduku kabla haujapanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye mpindo yasiufuate waya mpaka ndani.

Nimekufanyia kubwa kama ulivyoagiza, ingawa vyombo vyenyewe vimejaza kona moja tu na nafasi iliyobaki sijui ni ya nini. Vibanio nimeweka. Lakini Shangazi, sanduku hili likishafungwa halifunguliwi. Si kulichungulia, si kulipangusa, hakuna. Ukilifungua unaingiza hewa ya mvua, na tena mle ndani kuna stima inayoweza kukuua.

Kuhusu Bundi, sina mengi. Naamini ni mzima. Gari za miraa ni nyingi na zote zinafanana gizani, kwa hivyo usiweke moyo kwa kila kikombe kinachotetemeka.

Wako,
Muchangi

*

Muthara,
2 Desemba 2024

Mpendwa Muchangi,

Natumaini barua hii itawakuta wote mkiwa wazima, na huyo mtoto hajajifunza kupanda kabati. Hapa mvua bado. Ndama anakunywa vizuri. Mzee alipanda ngazi mwenyewe kufunga nyota, na goti halikusema kitu.

Taa zimependeza kuliko nilivyotarajia. Watu wa soko walikuwa wanasimama wakizitazama, na mama mmoja aliniuliza kama tunafungua hoteli. Zikawaka siku nne, ya tano zikazima. Nimefuata maagizo yako yote. Sanduku sijalifungua hata siku moja. Ndani kuna maji, kama robo kikombe, yametanda kwenye kifuniko na kutiririka, na kile kidude cha kijani kimeota weupe.

Nina swali. Ile transfoma ina joto zuri. Je, joto hilo ndilo lake la kila siku? Ukileta nyingine, isiwe baridi kuliko hii.

Nisaidie upesi. Zile siku nne zilikuwa na maana kubwa kwangu, na kuzimika kwake kumenirudisha nyuma.

Shangazi yako,
Cicily

*

Embu,
8 Desemba 2024

Shangazi,

Salamu kutoka kwetu sote. Gladwell amepata mafua, mimi nimepata ya kwake.

Nimeisoma barua yako na kuirudia, na nimechanganyikiwa. Sanduku lile nililipeleka pale wanapoosha magari nikalimwagia maji ya mpira kwa nguvu, juu, chini, ubavuni. Nikalifungua, likawa kavu kabisa. Sasa mvua ya Muthara ina ufunguo gani ambao mpira wa kuosha lori hauna?

Pili, kama hujalifungua, maji umeyaonaje?

Tatu, kwa nini unataka transfoma iwe na joto? Mimi maisha yangu yote nahangaika kuipoza.

Nimefikiri labda ni jasho. Sanduku lililofungwa sana hutoa jasho: hewa ya ndani ikipata joto kisha usiku ukawa baridi, unyevu uliomo hugeuka maji kwenye kifuniko. Lakini hewa ya sanduku zima haiwezi kutoa hata kijiko kimoja, sembuse robo kikombe. Hata hivyo nakutumia jingine, lenye tundu dogo chini lililozibwa kwa wavu mwembamba, lipumue na maji yapate pa kutokea. Mle ndani kuna vifuko vidogo vyeupe vya kunyonya unyevu. Vinaonekana kama chumvi lakini si chumvi, tafadhali.

Muchangi

*

Muthara,
21 Desemba 2024

Mpendwa Muchangi,

Poleni kwa mafua. Chemsheni tangawizi na mlale mapema. Huku jua limetoka na watu wanapaka nyumba rangi za sikukuu. Mzee amechaguliwa kusoma Neno siku ya Krismasi, na anajizoezea mbele ya ndama.

Sanduku la pili limedumu zaidi ya la kwanza lakini juzi limekufa vilevile. Vile vifuko vyako vimelowa chepechepe. Nimemwomba fundi wa hapa aunganishe taa moja kwa moja na transfoma, sasa zinawaka bila kubadilika, nyeupe tu, na hilo halinisumbui. Sanduku lako la kwanza analo Sahal, akuletee ulichunguze wewe mwenye macho ya kazi.

Nakuambia jambo la furaha. Bundi ameona. Usiniulize najuaje. Mama ana njia zake. Nilikuwa nikikaa kitandani nikifikiri mtoto wangu amenifuta moyoni pamoja na baba yake, na sasa najua hajanifuta, na nimelia kwa furaha mpaka nikaaibika.

Kitu kimoja tu sikielewi nyumbani mwangu. Mzee sasa anaamka kabla yangu. Mtu aliyekuwa akiamshwa kwa kuvutwa blanketi! Anasema anakwenda kutazama miche ya parachichi, lakini anatokea upande wa barabarani, na parachichi ziko nyuma ya nyumba.

Njooni Krismasi. Kutoka Embu hadi hapa si safari ya kuaga watu. Ukija utaona hilo sanduku kwa macho yako.

Shangazi yako,
Cicily

*

Embu,
29 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Heri ya Krismasi iliyopita na ya mwaka ujao. Tusamehe hatukuja. Ningekuambia ni kazi, na kweli kazi ilikuwepo, lakini najua hutaniamini kwa sababu siku ya Krismasi yenyewe hakuna anayenunua nyota. Tuseme nyumbani kulikuwa na jambo la kutufunga.

Sanduku limefika. Nimelifungua mezani, na tangu hapo sina amani. Mpira uko sawa, mahali pa kuingilia waya pamekaza, hakuna tone lililopita kutoka nje. Lakini sakafuni mwa sanduku, pale kwenye ile nafasi iliyobaki, kuna alama ya duara, kana kwamba kitu cha mviringo kilikaa hapo mara nyingi. Ukutani kuna mafuta. Kulikuwa na sisimizi wengi, wote wamekufa kwa stima. Na chini ya transfoma nimekuta punje moja ya mahindi, iliyochemshwa.

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimekuta nyoka ndani ya sanduku, nimekuta kiota, nimekuta sabuni. Mahindi ya kuchemsha sijawahi.

Nilimuuliza Sahal kama kuna mtu anachezea sanduku lile. Akacheka, akasema, "Mimi hubeba tu, boss. Sisomi, sionji." Sikuelewa kuonja kumetoka wapi.

Na Shangazi, hilo la Bundi. Una hakika ameona taa? Alikuambia mwenyewe? Ulimwona? Nakuomba unijibu hili hata kama hutajibu mengine. Linanichanganya kuliko mahindi.

Muchangi

*

Muthara,
12 Januari 2025

Mpendwa Muchangi,

Mwaka mpya uwe mwema kwenu. Hapa tumeuanza kwa amani, ila ndama amekula shuka langu la kwenye kamba.

Kuhusu mahindi, nafikiri ni panya. Panya wa huku ni wakubwa. Kuhusu duara, sijui.

Maji bado yanaingia. Asubuhi nyingine nalikuta limejaa jasho, asubuhi nyingine ni kavu kabisa kana kwamba kuna mtu amelipangusa, ingawa silifungui. Kidude cha kijani nimeshakisahau, lakini naogopa transfoma nayo itakufa, na ikifa taa zote zitazima.

Kanisa lilisema taa ziondolewe baada ya mwaka mpya. Majirani wameondoa. Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba mzee tuziache, nikazunguka siku nzima na maneno hayo mdomoni, na wakati wa chai akasema yeye mwenyewe, bila kuniangalia, kwamba ziachwe, barabara ni ya giza. Muchangi, huyu ni mtu anayezima taa ya choo mtu akiwa bado ndani. Nikamwongezea chai.

Unaniuliza kama nina hakika na Bundi. Kwa nini unaniuliza hivyo? Katika barua zako zote hujanitajia Bundi mpaka nikutajie mimi, na nikimtaja unaniambia nisiweke moyo. Nilifundisha watoto miaka mingi na ninajua mtoto anapoficha kitu: anaangalia dirishani. Barua zako zinaangalia dirishani. Kama kuna jambo, liseme.

Nina hakika kwa sababu nina alama ninayoipata kila asubuhi. Inatosha.

Cicily

*

Embu,
26 Januari 2025

Shangazi wangu,

Leo sitakusalimu kwa urefu. Sote ni wazima, na nianze na hilo kabla hujasoma mengine. Wote tulio hapa ni wazima.

Jana Gladwell alipita karibu na meza yangu akainama, akanusa lile sanduku mara moja, akasema, "Hili ni sanduku la chakula." Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Shangazi, unaweka chakula mle ndani. Unapika jioni, unakiweka cha moto karibu na transfoma kisipoe, unafunga vibanio. Ule mvuke unapanda, unagusa kifuniko cha baridi, unageuka maji, na maji yanaua vyombo. Mimi nimekuwa nikizuia mvua ya nje, kumbe mvua unaipika wewe.

Ningecheka sana kama si hatari. Kila usiku unaingiza mkono wenye unyevu karibu na stima ya nyumba nzima. Siwezi kulala nikijua hivyo. Na najua unamwekea nani, kwa hivyo sina budi kuvunja ahadi niliyompa.

Bundi hapiti hapo. Hajapita hapo tangu mwisho wa Oktoba. Pikapu yake ilipinduka kwenye kona, usiku wa mvua, na mguu wake ukavunjika mahali pawili. Alipotoka hospitali nilimleta hapa kwangu, analala chumba cha nyuma. Hiyo ndiyo nyumba iliyokuwa ndogo, na hilo ndilo jambo lililotufunga Krismasi. Alinilazimisha nisiseme. Alisema akirudi kwao atarudi kwa miguu yake, si kwa magongo, mzee asije akafikiri amekuja kuombea huruma. Kila ulipoandika kwamba anapita kila alfajiri nilijisikia mwongo, na nilikuwa mwongo. Mguu unapona. Ameanza kutembea na gongo moja.

Sasa nimebaki na fumbo jingine na ninakuomba usikasirike. Kama Bundi yuko hapa, chakula chako kinaliwa na nani? Namshuku Sahal, ingawa ni mtu mzuri. Hata sisi anatusaidia. Karibu kila asubuhi humletea Bundi kibati cha samawati kilichofungwa kwa mpira wa tyubu, kina githeri ya mahindi na maharagwe, au mukimo wa viazi. Bundi anasema ni mama mmoja mjane wa Maua anayepikia madereva walioumia. Hukila akiwa ameugeukia ukuta, hataki hata kuonjesha mtu. Nilimwambia siku moja tutakwenda kumshukuru huyo mama, akaanza kuzungumzia mguu wake.

Acha kufungua sanduku. Ukiniambia chochote, nitakuja.

Muchangi

*

Muthara,
9 Februari 2025

Muchangi,

Nimekasirika nawe. Nataka ulijue hilo kwanza. Mwanangu amelala na mguu uliovunjika, na mimi hapa nawasha nyota. Miezi yote hiyo ningekuwa nimekuja hata kwa kutambaa. Gladwell naye nimemkasirikia kidogo. Asante kwa kumtunza. Haya maneno yote ni ya kweli, sijui yanakaaje pamoja lakini yanakaa.

Ndiyo, niliweka chakula. Sikuwa nimekusudia kukudanganya tangu mwanzo, ila ulivyoandika lisifunguliwe nilijua ukijua utaniletea la skrubu. Nilikuwa napika, mzee akishasinzia na redio yake nakitoa, nakiweka. Asubuhi nakikuta kibati kitupu, kimeoshwa, kimefunikwa. Kule kuoshwa ndiko kulikokuwa alama yangu. Nilijiambia, nimemlea vizuri, hata barabarani anaosha chombo.

Nilipofika mahali ulipoandika kibati cha samawati nilikaa chini. Kibati hicho ni changu, mojawapo ya vile vya kufanana vya jikoni kwangu. Ule mpira wa tyubu niliukata mimi kwenye baiskeli ya zamani ya mzee. Mjane wa Maua ni mimi, Muchangi, na mume wangu yuko hai anasoma gazeti mbele yangu.

Bundi alijua kwa kijiko cha kwanza, usiniambie hakujua. Lakini mimi nilikuwa nazidi kupotea. Chakula ninakiweka Muthara, mtoto anakila Embu, na mimi sikumpa Sahal kitu chochote isipokuwa barua. Nilimfikiria kila mtu wa njia hii. Mzee sikumfikiria.

Juzi niliamka kabla yake nikajifanya nimelala. Alipotoka nikamfuata mpaka kwenye zizi, nikasimama nyuma ya ng'ombe. Alifungua lango, akatoka nje, akafungua vibanio vya sanduku kwa mikono miwili kama mtu aliyezoea. Akatoa kibati, akakiingiza ndani ya koti. Kisha akakunja pindo la koti hilohilo akalipangusa sanduku ndani, pembe zote, polepole, mpaka likakauka. Akaweka kibati kitupu cha jana. Akasimama chini ya nyota yako akiwa ameegemea ule mguu mzima, mpaka pikapu ya Sahal ikaja. Sahal hakuzima injini. Walipeana kibati, mzee akasema neno, gari likaondoka.

Aligeuka akaniona. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumshika mkono. Nikamuuliza tangu lini. Akasogea kwenye mwanga ili nione midomo yake, kama anavyofanya jambo likiwa kubwa.

"Nilisema asiingie," akasema. "Sikusema asile."

Mengine nimeyatoa kwake kidogo kidogo. Sahal alimwambia habari ya ajali wiki ileile ilipotokea. Ndiyo maana alikubali taa bila kubishana. Alidhani mimi sijui lolote na nitafurahi kuwa na nyota. Siku ya pili ya taa alifungua sanduku kuangalia kama linapata joto, akakuta githeri. Akaelewa kwamba mimi nadhani Bundi anapita. Kuniambia hapiti ingebidi aniambie amejuaje, na kuniambia amejuaje ni kukubali kwamba alikuwa anauliza habari zake. Hilo hakuliweza. Lakini kubeba kibati aliweza. Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana na bado sijui ameumbwaje.

Nimemuuliza kama sasa Bundi anaweza kuja. Akasema neno lake ni neno lake, asikanyage ndani ya lango mpaka aombe msamaha. Nikaenda jikoni nikalia, maana nilidhani tumefika.

Leo nimerudi kutoka kanisani peke yangu, yeye akisema goti linamsumbua. Nimemkuta barabarani na nyundo na spana, ametokwa na jasho. Lango ameling'oa lote, ameliegemeza kwenye ua kule nyuma karibu na parachichi. Nguzo zimebaki, na nyota, na sanduku. Nikamuuliza kuna nini. Akasema lango linahitaji kupakwa rangi, na kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu. Nimetazama stoo, nimetazama chini ya kitanda. Rangi hajanunua.

Mwambie Bundi lango halipo. Mwambie hivyo tu, ataelewa, maana ni mtoto wa baba yake. Aje na gongo lake. Na wewe njoo naye, ulete sanduku lenye vyumba viwili, kimoja cha stima na kimoja cha chakula, lenye ukuta katikati. Mzee ndiye ameagiza. Anasema hata Bundi akirudi, madereva wengine bado wanapita.

Shangazi yako,
Cicily